Kuchagua ufito mrefu wa kutengenezea fimbo ya kuvulia ufukweni

Futi 13 zinatosha watu wengi. Ukizidi hapo, mwenye mikono mifupi hupoteza kasi ya kutupa. Soma kwanza uzito wa kutupa ulioandikwa kwenye ufito. Kama ni gramu 100 hadi 150, humo hesabu chubwi (uzito wa kuzamisha ndoano) pamoja na chambo: chubwi la gramu 150 na kipande cha ngisi, tayari umezidisha. Chungulia kutoka kitakoni hadi nchani uone kama umepinda. Ukiwa wa vipande viwili vya kuchomekana kwa kijiti cha ndani, pabaki nafasi ya milimita 5 hadi 10 vinapokutana, maana kijiti hulika na vipande husogeleana. Ukiwa mrefu mno, kata kitako. Usiguse ncha: ukiikata ufito unakuwa mgumu, na chubwi jepesi haliupindi tena.