Kabla hujanunua runinga ya kibanda umiza, chagua mlango

Mdogo wangu anayekaa Mafinga kanipigia simu kuuliza runinga ya inchi ngapi inafaa kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira kwa kiingilio. Nikamwambia aache inchi kwanza, anieleze mlango ataweka wapi. Akacheka. Mimi huu mwaka wa 9 nakaa mlangoni pa kibanda changu hapa Makambako, jirani na stendi, na mengi ninayoyajua kuhusu watu wa mji huu nimeyajulia pale, kwenye kiti cha plastiki, bakuli la chenji mapajani.

Vifaa havina maajabu. Runinga kubwa, king'amuzi, kifurushi kilicholipiwa mapema, leseni, na jenereta lenye mafuta, maana umeme ukikatika dakika ya 80 utarudisha viingilio vyote na matusi juu. Mabenchi yapigilie chini kwa misumari mirefu. Siku ya dabi ya Simba na Yanga utajua kwa nini.

Sasa mlango. Uwe mmoja, mwembamba, na ukae mwenyewe. Ukimweka kijana ataangalia mpira, na kazi ya mlangoni ni kuangalia mikono. Kiingilio changu ni shilingi 500, dabi 1,000. Mtoto akikuletea sarafu za hamsini hamsini zinazoteleza kwa mafuta ya kupikia, hizo ni za maandazi ya mama yake, mrudishe nazo. Mwanaume akitoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa hadi ikawa kama njiti, jua imefunguliwa kwenye pindo la kanga ya mtu. Huyo huwezi kumrudisha, ni mtu mzima. Ila utakuwa umeona.

Rehani usipokee hata kwa ndugu. Mwaka wangu wa 2 nilishika bomba la kupulizia dawa la bwana mmoja kwa deni la 3,000. Asubuhi mkewe huyu bwana akaja, kasimama nje na ndoo ya dawa aliyokwisha kuichanganya, nyanya zake zimeingia ukungu. Hakusema neno. Nikampa bomba, deni nikalifuta, na rehani ikaishia siku ile.

Watu wa mikeka, yaani wanaobeti, utawatambua haraka. Mnazi wa timu anatazama mpira. Mwenye mkeka anatazama simu, halafu anaruka kushangilia kona ya timu ya Norway ambayo hata jina lake hawezi kulitamka. Kwangu ni marufuku kukusanya hela za kubeti ndani. Nje siwezi kumzuia mtu, na hapo nje, chini ya taa yangu mwenyewe, ndipo anaposimama kijana wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Taa nimeihamisha mara 2. Anahama nayo.

Mechi za Ulaya za usiku, miezi ya baridi kule kwao, zinaanza saa 5 usiku. Kagua madumu mlangoni, hasa ulanzi, pombe ya mianzi, ukishakolea. Mwanafunzi asiingie, hata akija na baba yake.

Nije kwenye dabi, maana hapo ndipo nilipokosea.

Jumapili ya 5 Novemba 2023, watu wanasubiri mvua ya kupandia, hela za mbolea ziko mifukoni. Mapumziko ilikuwa 1-1. Kipindi cha pili Yanga wakaweka 4: Maxi Nzengeli 2, Aziz Ki, na Pacome kwa penalti. Mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, sitadanganya, nilisimama juu ya kiti changu. Kila shabiki wa Simba aliyetoka nilimnyooshea vidole 5 pale pale mlangoni, na watoto wa barabarani wakadaka, wakawasindikiza kwa mkono huo hadi makwao.

Mmoja wa mashabiki hao alifika kwake akampiga mkewe mpaka akamvunja taya. Kesho yake kwenye genge la mboga nikasikia utani: "Bao la sita kafungwa mama watoto." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kabla sijauliza ni mama watoto yupi. Kiongozi mmoja wa mtaa, Simba wa kufa naye, akasema ni hasira za mpira, zitaisha. Lakini huyu bwana alikuwa akipiga tangu zamani, na majirani walijua. Mpira uliwapa tu jina la kukiita kile kitu bila kuona aibu.

Kwa hiyo, siku ya dabi, fanya hivi. Filimbi ya mwisho ikilia, zima runinga, marudio ya magoli wakaangalie kwenye simu zao. Waliofungwa watangulie kutoka, washindi uwabakize ndani kwa chai ya tangawizi ya bure. Sufuria moja ya lita 20 inatosha. Watoto wafukuze barabarani kabla hujafungua mlango. Namba ya dawati la jinsia la polisi iandike ukutani kwa rangi ya mafuta, maana karatasi wanaichana. Ya kwangu waliichana mara 3. Na wewe mwenye kibanda, ficha jezi yako na vidole vyako.

Halafu weka ubao wa ratiba. Usiutundike ndani, wanaume ratiba wanazo kwenye simu. Utundike ukuta wa nje unaotazama njia ya kisimani, kwa chaki nyeupe, herufi kubwa: nani na nani, saa ngapi. Nilianza baada ya yule mama kupona. Alikuwa akipita na ndoo saa za mchana, ananisalimia "kamwene", halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Dada, leo wanacheza?" Nikadhani kaanza kupenda mpira. Alikuwa anapanga usiku huo yeye na watoto walale kwa nani.

Siku hizi haulizi. Anapunguza mwendo, anasoma, anapita. Nyuma yake nimehesabu wengine 4.