Sufuria moja ya mbaazi, siku mbili za kula: somo kwa wanachuo wa Mtwara

Wengi mmeniomba chakula kisicho na nyama, samaki, yai wala maziwa, kinachopikika kwenye chumba cha kupanga bila kula muda wa kusoma. Nitafundisha kimoja tu, mbaazi. Masasi, Newala na Nachingwea zinalimwa kwa wingi, na nyingi huishia India. Mwaka 2017 India ilipobana ununuzi, bei ilianguka na wakulima wetu wakaumia. Sisi tulio jirani na shamba tunazipita sokoni tukikimbilia chipsi. Inaniuma.

Hatua ya 1. Usiku chagua nusu kilo, toa mawe, osha, loweka kwa maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo. Tumbo halitajaa gesi sana, na mtungi wako wa gesi utadumu.

Hatua ya 2. Tia maji mapya, funika, chemsha. Zikitokota dakika 10, zima, viringisha sufuria kwa taulo nene nusu saa huku unasoma, kisha washa tena mpaka ziive. Shika punje kati ya kidole gumba na cha shahada: ikisagika yote, tayari, ikibakiza kiini kigumu, bado. Ndimu na nyanya zisubiri, maana ukali wake huzifanya zigome kuiva.

Hatua ya 3. Usitie nazi sufuria nzima! Hapa ndipo chakula cha wengi kinapopotea. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilimimina tui lote mara moja. Kesho yake mchana nilipofunua, juu kulikuwa na povu jembamba na harufu ya uchachu. Nilimwaga chakula cha siku mbili, na pesa ya kununua kingine sikuwa nayo. Kwa hiyo chota za leo tu. Zilizobaki ziache na maji yake bila kiungo chochote, zitokotese asubuhi na jioni, na usichovye kijiko ulicholia. Siku ya pili ziishe.

Hatua ya 4. Za leo: kaanga kitunguu na nyanya, tia manjano kidogo, mbaazi, chumvi na tui jepesi. Zikishatokota mimina tui zito, koroga bila kuacha lisikatike, zima linapoanza kuchemka. Kula na wali au muhogo wa kuchemsha.

Za kesho: ziponde kavu na kitunguu kibichi, pilipili na ndimu, funga ndani ya chapati. Muulize mama chapati kwanza kama ametia samli.

MASWALI YENU

Dada, sina mbuzi ya nazi, nifanyeje?
Sokoni wapo wanaokukunia. Au nunua korosho za vipande, ni nafuu kuliko nzima. Loweka saa mbili, twanga zilainike, changanya na maji. Mchuzi unakuwa mzito vizuri.

Wiki ya mitihani sina hata muda wa kuloweka.
Pika choroko, mdogo wangu. Hazihitaji kulowekwa na huiva upesi.

Kisamvu kinafaa?
Kinafaa sana, lakini kibichi kina sumu. Kitwange, kichemshe bila kufunika mpaka kilainike kabisa, ndipo utie nazi. Usikifanyie haraka. Siku ukiwa na haraka, nunua tembele.

Nimeacha kila kitu cha mnyama miezi mingi sasa, nachoka sana. Ni mbaazi?
Pole, mdogo wangu. Mbaazi zina protini ya kutosha, ila vitamini B12 haimo kwenye nafaka, kunde wala mboga za majani. Anayekula mimea tupu lazima aipate kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa virutubisho. Madini ya chuma nayo huingia mwilini vizuri zaidi ukila na ndimu au embe bichi, na chai ya rangi huyazuia, hivyo inywe saa moja baada ya kula. Lakini uchovu una sababu nyingi. Nenda kapime damu wiki hii, usingoje mitihani iishe.