Kumwongoza Asiyeona Kupanda Milima ya Usambara

Erik Weihenmayer wa Marekani, aliyepoteza uwezo wa kuona angali kijana, alifika kilele cha Everest mwaka 2001, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama asiyeona anaweza kupanda mlima. Hupanda kwa miguu yake mwenyewe, naye mwongozaji humpa habari za njia mapema na kwa usahihi.

Anzeni na njia pana. Barabara ya kutoka Lushoto mjini hadi Irente, penye genge linalotazama bonde, mwendo wa kilomita zipatazo tano, inafaa kwa kuzoeana, ilhali msitu wa Magamba, wenye kilele kinachozidi mita 2,200, unaweza kusubiri. Epukeni masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu udongo mwekundu ukilowa humtelezesha hata mwenyeji, na ukungu ukishuka wewe mwongozaji huioni njia.

Kabla ya kuondoka, muulize mwenzako anapenda kuongozwa vipi. Kwa kawaida yeye ndiye anayekushika mkono, juu kidogo ya kiwiko, akiwa nusu hatua nyuma yako, ili mwili wako ukipanda au kushuka ajue kabla hajafika. Ukimshika wewe na kumsukuma mbele, unamfikisha kwenye hatari kabla yako. Njia ikiwa nyembamba, tangulia, naye ashike mkanda wa begi lako la mgongoni au afuate kengele ndogo uliyoifunga hapo, huku akipapasa ardhi kwa fimbo zake. Msifungane kamba, maana anayeteleza humvuta mwenzake. Mtu wa tatu awe nyuma kutazama miguu ya asiyeona, kazi ambayo wewe uliye mbele huwezi kuifanya vizuri.

Lugha ndiyo inayohitaji mazoezi kuliko yote. Ukisema "angalia, jiwe!" hujamsaidia kitu, lakini ukisema "mzizi, hatua mbili mbele, kimo cha kifundo, inua mguu wa kulia," anajua la kufanya. Wako wanaoelekeza kwa mishale ya saa. Sishauri mtindo huo kwetu, kwani ukitaja saa tatu, mmoja ataelewa kulia na mwingine kushoto, kutegemea anaihesabu saa namna gani. Kulia na kushoto vinatosha. Neno "simama" litengeni kwa hatari peke yake, na likitamkwa mguu usiongezwe hata kidogo.

Penye genge, mwambie mapema shimo liko upande gani, kisha apite upande wa mlima. Kule Irente mkalishe mbali na ukingo, halafu umweleze bonde lilivyo chini yenu na upepo unakotoka. Msituni avae kofia yenye ukingo mgumu na miwani, kwa kuwa matawi huchoma macho hata yasiyoona, nawe chunga siafu wanaokatiza njia.

Kushuka ndiko kunakochosha zaidi, kwa sababu mguu unatafuta mahali usipopajua na magoti yamekwisha kuchoka. Fupisheni hatua, refusheni fimbo na mpumzike kabla hajaomba. Geuzeni mapema mfike chini kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwani usiku ukiingia, wewe unayemwongoza ndiye usiyeiona njia.