Kompyuta mpakato inapata moto: isikilize feni kabla ya kushika bisibisi

Wengi wanaoniletea kompyuta inayopata moto huwa wameshaamua ugonjwa wake: "Pesti imekauka, nibadilishie." Wanamaanisha ule ute mzito unaopakwa kati ya prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, na kipoza joto ili upitishe joto. Nikifungua, mara nyingi pesti bado ina nafuu, lakini kati ya feni na kipoza joto kuna vumbi lililoshikamana kama kipande cha blanketi. Nilipoanza kazi hii niliwahi kubadilisha pesti ya mashine moja mara mbili bila mafanikio, na mara ya tatu ndipo nikaling'oa feni lenyewe na kuliona hilo blanketi. Tangu hapo, hakuna mashine ninayoifungua kabla ya kuipima.

Joto la prosesa lina safari moja tu. Linapita kwenye pesti, linaingia kwenye bamba la shaba, linasafiri ndani ya mabomba ya shaba hadi kwenye vibati vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana (bamba, mabomba na vibati hivyo ndivyo kipoza joto), na hapo feni inalipuliza nje. Kazi yako ni kujua safari imekatika wapi.

Hatua ya 1: Pima, kisha sikiliza

Kwenye Windows tumia programu ya HWiNFO. Kwenye Linux sakinisha lm-sensors, halafu andika amri ya sensors. Iache mashine ikiwa imewaka bila kazi kwa dakika 10, andika nyuzi joto. Kisha ipe kazi nzito dakika 10 nyingine, uandike tena.

Ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 55 za Selsiasi si tatizo. Kwenye kazi nzito, 80 hadi 90 ni kawaida kwa mashine nyingi za siku hizi, hata kama kiganja chako kinakataa kukubali. Zikikaribia 100, prosesa nyingi hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue, na ndiyo maana mashine yenye moto huwa pia nzito. Joto likizidi hapo, inajizima ghafla.

Sasa, joto likiwa juu, weka mkono kwenye tundu la kutolea hewa:

- Feni inavuma kwa nguvu lakini hewa inayotoka ni kidogo na ya moto sana: vumbi.
- Hewa inatoka nyingi na ni ya vuguvugu tu, huku kipimo kinasoma 95: joto halitoki kwenye prosesa. Hapo ndipo pesti inashukiwa, au skrubu za kipoza joto zimelegea.
- Kimya kabisa na mashine inaungua: feni imekufa au imekwama. Ila hakikisha kwanza kwamba mashine yako ina feni. MacBook Air za tangu mwishoni mwa 2020, kwa mfano, hazina.

Hatua ya 2: Tazama nani anaitumikisha

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager (kwenye Mac ni Activity Monitor), upange programu kwa matumizi ya prosesa. Kivinjari chenye kurasa 40 zilizofunguliwa ndicho mshukiwa wa kwanza. Ukikuta programu usiyoijua inakula prosesa karibu yote wakati wewe hufanyi lolote, changanua virusi. Zipo programu hasidi zinazochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako.

Hatua ya 3: Iachie nafasi ya kupumua

Mashine nyingi huvuta hewa kwa chini. Godoro, mto na shuka huziba matundu hayo, kwa hiyo iweke mahali pagumu na uinue nyuma sentimita 2 au 3. Usiitie kwenye begi kabla haijazima kabisa. Vile vibao vyenye feni vya kuwekea chini yake vinasaidia pale tu ambapo matundu yako chini, na haviondoi vumbi lililo ndani.

Hatua ya 4: Toa vumbi

Hapa usiwe na haraka. Zima mashine kabisa, chomoa chaja. Skrubu za kifuniko cha chini mara nyingi hazilingani urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa mwili wa mashine au kuharibu bodi. Chora umbo la mashine kwenye karatasi na uweke kila skrubu mahali pake juu ya mchoro. Bandua kifuniko kwa kadi ya plastiki, si kwa kisu.

Kabla ya kugusa kingine chochote, chomoa waya wa betri kwenye bodi. Betri ikiwa imevimba, simama hapo hapo: usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Ibadilishwe.

Zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno, kwa sababu yakizungushwa kasi na upepo yanaweza kuharibu beringi. Puliza kwa pampu ya upepo kutoka upande wa vibati kuelekea kwenye feni, ili blanketi lirudi lilikotoka. Ukipuliza kinyume chake unalishindilia. Usitumie mdomo, mate yana unyevu. Lisipotoka, ondoa feni ulivute kwa kibano. Kwa mashine nyingi, kazi inaishia hapa.

Hatua ya 5: Pesti, kama vipimo vimeielekeza

Legeza skrubu za kipoza joto kidogo kidogo kwa mshazari. Nyingi zimeandikwa namba pembeni. Futa pesti ya zamani kwa isopropili alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, kisha tandaza mpya nyembamba ifunike uso wote wa chipu ya prosesa. Vile vipande laini kama mpira vinavyokaa juu ya chipu nyingine virudishe vilipokuwa. Usivibadilishe kwa pesti, kwani haitafika kuziba nafasi hiyo. Ukikuta kimiminika kinachong'aa kama zebaki, funga umpelekee mzoefu: ni metali, inapitisha umeme na inakula alumini.

Hatua ya 6: Pima tena

Rudia kazi ile ile, dakika zile zile, ulinganishe na ulichoandika mwanzo. Joto likibaki juu na huna muda wa kufungua tena, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na, kama chaguo hilo linaonekana, uweke kikomo cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99. Kwa kawaida hiyo inaizuia kupandisha kasi ya ziada, na joto hushuka papo hapo, ingawa utapoteza kasi kiasi. Kama feni bado haizunguki, soma namba iliyoandikwa kwenye lebo yake na uagize kwa namba hiyo, si kwa jina la mashine, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na feni za aina mbili.