Umekosa ndege ya kuunganisha Ulaya? Hivi ndivyo unavyodai fidia

Wengi huacha haki yao kwa sababu ya hesabu moja: ndege ya kwanza ilichelewa dakika 50 tu, na wamesikia fidia huanzia ukichelewa kwa saa tatu. Hesabu hiyo si sahihi. Chini ya Kanuni ya 261/2004 ya Umoja wa Ulaya, kinachopimwa ni umechelewa kwa saa ngapi kufika mwisho wa safari. Katika kesi C-11/11, iliyoamuliwa mwaka 2013, abiria aliondoka Bremen akiwa amechelewa kama saa mbili na nusu, akakosa ndege yake Paris, akafika Asunción, Paraguay, akiwa amechelewa kwa saa kumi na moja. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema fidia inadaiwa.

Kwanza kagua tiketi. Safari zote lazima ziwe kwenye bukingi moja, hata kama mashirika ni mawili. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa pesa, ukikosa ndege ya pili hasara ni yako. Pia safari iwe imeanzia uwanja wa Umoja wa Ulaya, kwa shirika lolote, au iwe inaingia Umoja wa Ulaya kwa ndege ya shirika la Umoja wa Ulaya. Kubadilisha ndege nje ya Ulaya hakukuondolei haki. Mwaka 2018 mahakama ilisema hivyo kuhusu safari ya Berlin hadi Agadir kupitia Casablanca, Morocco.

Kiasi cha fidia ni yuro 250 kwa safari ya hadi kilomita 1,500, yuro 400 hadi kilomita 3,500, na yuro 600 zaidi ya hapo. Safari zilizo ndani ya Umoja wa Ulaya hazivuki 400. Umbali hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ulikoanzia hadi unakoishia, si kwa kupita ulikobadilisha ndege. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500, ukifika kwa kuchelewa kati ya saa tatu na nne, shirika linaruhusiwa kukata nusu.

Ukiwa bado uwanjani, nenda kaunta ya shirika upewe ndege nyingine. Usikimbilie kujinunulia tiketi kabla hawajapata nafasi ya kukupanga. Dai chakula, na hoteli kama unalala. Haya ni haki yako hata chanzo kikiwa dhoruba. Wasipokupa, lipa gharama za kawaida na utunze risiti. Omba sababu ya kuchelewa kwa maandishi, na weka kadi zote za kupandia ndege, ya zamani na mpya.

Ukifika, tazama saa mlango wa ndege unapofunguliwa, kisha piga picha ya skrini ya simu. Muda huo ndio wa kisheria, si ule magurudumu yanapogusa ardhi. Kati ya kugusa lami na kufungua mlango zinaweza kupita dakika 15, na ukiwa karibu na mpaka wa saa tatu dakika hizo ndizo zinazoamua.

Peleka dai kwa shirika lililorusha ndege, ambalo pengine silo lililokuuzia tiketi. Andika namba ya bukingi, namba za ndege, muda uliopangwa na uliofika, kiasi unachodai na akaunti ya benki. Wakikupa vocha, soma kwanza: una haki ya kulipwa fedha, na vocha bila saini yako haitoshi.

Jibu la kwanza mara nyingi ni "hali isiyo ya kawaida". Hali mbaya ya hewa na amri za waongoza ndege huwaondolea kweli wajibu wa kulipa fidia. Hitilafu ya kawaida ya kiufundi haiwaondolei. Hilo liliamuliwa mwaka 2008. Basi usikubali sentensi moja tupu: waulize ni tukio gani, saa ngapi, na walifanya nini kulikwepa. Mzigo wa kuthibitisha ni wao.

Wakikaa kimya au wakikataa kulipa, peleka malalamiko kwa mamlaka ya haki za abiria ya nchi ulikoanzia safari (au ya nchi ulikofikia, kama uliingia Umoja wa Ulaya ukitoka nje), au mahakamani. Ukomo wa kudai hutofautiana: Ujerumani ni miaka mitatu, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka wa safari.