Kabla ya kutweka tanga na baharia mwenye ulemavu

Ukitaka kutweka na ndugu yako mwenye ulemavu kwenye ghuba ya Tanga, anza na maji kabla ya chombo. Siku za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kujaa na kutoka kwa maji hapa hupishana kwa zaidi ya mita 3, na yakishatoka linabaki tope ambalo kiti cha magurudumu hakipiti. Kwa hiyo kalisheni chombo mchangani, mahali tambarare pasipo mawimbi, wakati maji yanajaa. Mtu apande kikiwa kimetulia, akae sawasawa, kisha maji yaje yakiinue. Saa ya kurudi nayo ipangwe kabla hamjaondoka.

Kumbeba mtu kwa makwapa na miguu kunaumiza mabega yake na migongo yenu. Mshona matanga anaweza kuwashonea kipande cha turubai nene chenye vishikio sita, vitatu kila upande. Lifanyieni mazoezi nchi kavu, na anayebebwa ndiye atoe amri ya kunyanyua, kwani yeye ndiye ajuaye bega lipi halivumilii kuvutwa. Kiti kibaki juu ufukweni, chumvi isiingie kwenye beringi.

Ngalawa haipinduki ovyo kwa sababu ya matengo yake, yaani mbao za pembeni zinazoelea, lakini mtumbwi wake ni mwembamba, na asiye na nguvu za kiuno hana pa kuegemea. Mashua ni afadhali. Boti za Hansa 303, zilizobuniwa Australia na zenye urefu wa mita 3.03, zina mkuku mzito (uti wa chini unaoizuia boti kupinduka), na mabaharia wawili hukaa chini wakitazama mbele, usukani wao ukiwa kijiti kifupi cha mkononi. Hakuna anayelazimika kuhamia upande wa joshi, unakotoka upepo, tanga likigeuka. Fundi wa hapa anaweza kuchukua mengi humo: kiti cha chini chenye mgongo, kapi la kumletea mtu demani, yaani kamba ya kuvutia tanga, hadi mkononi. Hilary Lister, baharia Mwingereza aliyepooza kuanzia shingoni, alizunguka kisiwa cha Britain mwaka 2009 akiendesha boti yake peke yake kwa kuvuta na kupuliza mirija. Basi muulizeni mtu anaweza kazi gani chomboni kabla ya kumpangia kukaa tu.

Jaketi la kuokolea lijaribiwe majini siku kabla ya safari, penye kina cha kiuno, watu wawili wakiwa pembeni. Miguu iliyopooza mara nyingine huelea juu na kubadilisha namna mwili unavyolala. Aliyepooza upande mmoja anaweza kujipindua. Mnachotafuta ni uso kubaki juu bila kushikwa. Mkanda wa kupita mapajani ufungwe, vinginevyo jaketi litapanda hadi masikioni. Na jambo hili nalisema kwa uchungu: msimfunge mtu kwa kamba chomboni, hata kwa nia njema. Kama kifua kinahitaji mkanda, uwe wa kufunguka kwa mvuto mmoja, na kila aliyemo ajue kuufungua gizani.

Asiyehisi makalio hatajua kwamba ubao unamchubua. Wekeni sponji nene, ajiinue au ainuliwe kila baada ya dakika 15 hadi 30, na mkirudi ngozi ikaguliwe, visigino pia. Walioumia uti wa mgongo sehemu za juu hawatoi jasho ipasavyo, kwa hiyo kivuli na maji ya kuwamwagia ni lazima. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko wake umwagwe kabla ya kupanda.

Asiyeona apapase chombo chote kikiwa mchangani, kuanzia omo, mbele, hadi shetri, nyuma. Kwa kiziwi, kubalianeni ishara na akae anapomwona nahodha.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe jana yake na asubuhi hiyo. Upepo wa kusi ukishachacha, ahirisheni. Chombo cha pili chenye injini kiwe karibu, na nahodha wake awe ameambiwa mapema nani haogelei, nani ana kifafa na nani hasikii akiitwa.