Usiandike "Sina Ugonjwa": Kwa Waliotibiwa Saratani ya Matiti Wakiwa Ugenini

Swali lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu ya zahanati: je, una ugonjwa wowote wa kudumu? Niliweka alama kwenye neno "hapana", nikairudisha fomu, nikaingia kumwona daktari kwa ajili ya maumivu ya mgongo yaliyokuwa yamenisumbua kwa wiki sita. Sikukusudia kudanganya. Miaka saba kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetolewa uvimbe kwenye titi la kushoto, nikapigwa mionzi, nikameza tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, kwa miaka mitano, kisha daktari wangu wa saratani akanifungia faili kwa maneno ambayo mimi mwenyewe niliwatafsiria ndugu zangu kwenye simu kuwa nimepona. Daktari mpya, katika mji mpya niliohamia kwa ajili ya kazi, hakuwa na habari hizo, wala sikumpa sababu ya kuzitafuta. Alinipa dawa za maumivu na barua ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo. Nilifanya mazoezi niliyoelekezwa kwa uaminifu kwa miezi minne, na muda wote huo saratani ilikuwa ndani ya pingili ya uti wa mgongo wangu.

Hatua za mwanzo za matibabu sitazieleza kwa kirefu, kwa sababu huku mgonjwa hupitishwa humo karibu kwa kushikwa mkono: picha, kuchukuliwa kinyama cha uvimbe kwa ajili ya kipimo, upasuaji, kisha mionzi, tibakemikali au dawa za homoni kulingana na majibu. Fika kwenye miadi yako, na omba mkalimani wa hospitali badala ya kumtwika mtoto wako kazi hiyo. Hayo yanatosha. Mtego ulioninasa mimi hauko huko. Unategwa siku matibabu yanapokwisha.

Siku ile daktari hakusema nimepona. Alisema kwamba hakuna dalili za ugonjwa, na maneno hayo yana maana yake: vipimo tulivyo navyo havioni kitu. Seli za saratani huweza kuuacha uvimbe mapema, hata kabla mwenyewe hajaugusa, zikasafiri kwa njia ya damu au ya mishipa ya limfu. Nyingi hufa njiani. Chache hufika kwenye uboho wa mifupa, kwenye mapafu, kwenye ini au kwenye ubongo, na baadhi ya hizo hutulia miaka mingi bila kuongezeka, zikiwa chache mno kuonekana kwenye picha yoyote. Daktari Mwingereza Stephen Paget alipochunguza kumbukumbu za wanawake waliokufa kwa ugonjwa huu, aliandika mwaka 1889 kwamba seli hizo ni kama mbegu: huenda kila upande, lakini huota pale tu zinapokuta udongo unaozifaa. Mifupa ni udongo mzuri sana kwa saratani ya matiti. Ndiyo sababu tunapewa dawa za mwili mzima hata baada ya uvimbe wote kutolewa.

Aina ya saratani hubadilisha kalenda ya hatari. Ile ambayo seli zake hazina vipokezi vya homoni (protini zinazopokea ishara ya kukua) wala vya HER2, protini nyingine ya aina hiyo, ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitano ya kwanza. Ile yenye vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike, kama yangu, ina subira ya kutisha. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa wanawake zaidi ya 62,000 waliokuwa wamemaliza miaka mitano ya dawa za homoni bila ugonjwa kuonekana, na ugonjwa uliendelea kurudi kwa kasi ileile kuanzia mwaka wa 5 hadi wa 20. Hata waliokuwa na uvimbe mdogo usiofika kwenye tezi za kwapani, takriban asilimia 13 walipata saratani sehemu nyingine ya mwili katika kipindi hicho. Waliokuwa na uvimbe mkubwa zaidi na tezi kati ya nne na tisa zenye saratani, asilimia 41. Wengi wao walitibiwa zamani, na dawa za sasa ni bora, lakini mwaka wa tano si mstari wa kumalizia mbio. Mimi niliuchukulia hivyo. Tafadhali usiuchukulie hivyo.

Kilichonifumba macho zaidi ni mamogramu. Kila mwaka nilipiga, kila mwaka majibu yalikuwa safi, na kila mwaka niliyasoma kana kwamba yameandikwa juu ya mwili wangu wote. Mamogramu huangalia matiti. Haisemi lolote juu ya mgongo, nyonga, mapafu wala ini. Narudia kwa sababu nimekutana na wanawake wengi wenye imani niliyokuwa nayo: mamogramu safi ni habari ya matiti peke yake.

Utauliza kwa nini hawatupigi picha mwili mzima kila baada ya miezi michache. Nami niliuliza, tena kwa hasira. Utafiti umeonyesha kwamba kumpiga picha kila mara mtu asiye na dalili hakurefushi maisha yake, bali humwongezea mionzi, hofu na vipimo juu ya vipimo. Jibu hilo nimelikubali. Lakini maana yake ni kwamba ufuatiliaji wote uliobaki unategemea kinywa cha mgonjwa. Usiposema, hakuna chombo kitakachosema badala yako.

Na hapa niseme kidogo juu ya wenyeji wetu. Jamii hii imejengwa juu ya imani kwamba mtu mzima anayajua mambo yake na atayasema mwenyewe. Kuna heshima kubwa ndani yake. Picha ya mgongo ilipotoka, daktari alinieleza mimi, uso kwa uso, bila kunizungusha. Lakini imani hiyohiyo huufanya ukimya usomeke kama ridhaa. Miadi ni ya dakika chache, kwa lalamiko moja, na daktari hujibu lile uliloliuliza. Sisi tuliolelewa kutomsumbua daktari tunakaa mbele yake tukingoja aulize, naye anangoja tuseme, kisha muda unaisha. Sidhani kwamba hawajali. Nadhani hawajui kwamba tunangoja.

Kwa hiyo sema kwanza, kabla hata ya kutaja maumivu: "Nilitibiwa saratani ya matiti mwaka fulani, na ninataka kujua kama hali hii inahusiana nayo." Sentensi hiyo hubadilisha kipimo anachokiagiza daktari. Iseme kwa maumivu ya mfupa yanayozidi wiki mbili tatu, hasa yale yanayokuzidia usiku au ukilala. Kwa kikohozi au pumzi fupi isiyoeleweka. Kwa kupungua uzito, macho kuwa ya manjano, kichwa kinachouma kwa namna mpya. Na kama una maumivu ya mgongo halafu miguu ikalegea, ganzi ikaingia, au mkojo ukashindwa kutoka au kuzuilika, usingoje miadi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Uti wa mgongo ukibanwa na saratani, saa chache huweza kuamua kama utatembea tena.

Ukihama mji au nchi, usidhani faili litakufuata. Kabla hujaondoka, chukua nakala ya ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya uvimbe wako, na uhakikishe ina ukubwa wa uvimbe, idadi ya tezi zilizotolewa na zilizokutwa na saratani, majibu ya vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na ya HER2. Ongeza majina ya dawa na tarehe zake. Muulize pia daktari wa saratani kama miaka mitano ya dawa za homoni inakutosha. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2013 lilionyesha kwamba wanaoendelea na tamoksifeni hadi miaka kumi hupungukiwa na kurudiwa na ugonjwa na vifo vyake, ingawa dawa hiyo huongeza hatari ya damu kuganda na ya saratani ya mji wa mimba, na kwa baadhi yetu faida haizidi madhara. Uamuzi huo ulistahili mazungumzo. Mimi nilifurahia tu kuacha vidonge.

Sasa ndugu zangu mlioko nyumbani, niwieni radhi, nawapenda. Mliniambia nikatae sindano ya kuchukua kinyama kwenye mfupa kwa kuwa itauamsha ugonjwa. Seli chache huweza kubaki kwenye njia ya sindano, ni kweli, lakini hakuna ushahidi kwamba kipimo hicho hufupisha maisha, na bila kipimo hicho daktari anatibu kwa kubahatisha, maana vipokezi huweza kubadilika saratani inaposambaa. Mliuliza pia kwa nini hawakuliondoa titi lote tangu mwanzo, na swali hilo liliniuma kuliko sindano. Matokeo ya miaka 20 ya jaribio la daktari mpasuaji Mmarekani Bernard Fisher, yaliyotolewa mwaka 2002, yalionyesha kwamba kutoa uvimbe na kupiga mionzi kulilingana na kutoa titi lote kwa habari ya kuishi. Kilichofika kwenye mgongo wangu huenda kilikwisha kuondoka kabla kisu hakijagusa ngozi. Wala sina "saratani nyingine ya mifupa". Ni ileile ya matiti, iliyohamia mfupani, na inatibiwa kwa dawa za saratani ya matiti.

Kinyama kilionyesha kwamba vipokezi vya estrojeni vipo bado. Mionzi ilituliza maumivu ya pingili, na sasa nameza dawa nyingine ya homoni pamoja na vidonge vinavyozuia seli zisigawanyike, na nachomwa sindano ya kuimarisha mifupa. Nimeambiwa kwamba hali hii haiponyeki lakini hudhibitiwa, na kwamba wengi huishi nayo miaka.

Mwezi uliopita nilijaza fomu kama ile kwa daktari wa meno, nikiwa nimekwenda kung'olewa jino. Swali lilikuwa lilelile. Niliandika mistari minne, nikaambatanisha karatasi yangu ya dawa. Alisoma, akaweka vifaa chini, akaahirisha kung'oa hadi awasiliane na daktari wangu wa saratani, kwa sababu mfupa wa taya wa mtu anayepata sindano za kuimarisha mifupa huweza kufa baada ya jino kung'olewa.